«Epitaph» ya Charles Mingus: heshima gani inamfaa marehemu?

Mtu akifa, watu wanamsifu. Ni desturi ya mataifa yote, wala si desturi mbaya. Lakini sifa za kilioni ni rahisi mno. Marehemu hawezi kuzikana, na wale wanaobaki hawataki kuongeza huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mkali siku zote anageuka mpole siku ya kuzikwa, na bahili anageuka mkarimu. Katika mambo ya musiki ni vilevile. Mpiga-musiki mkubwa akifa, wenzake wanakusanyika kumfanyia konseri ya heshima. Wanachagua nyimbo zake tano ao sita zinazopendwa na wote, wanazipiga vema, watu wanapiga makofi, kisha kila mtu anarudi kwake. Hakuna aliyejifunza neno jipya juu ya marehemu.

Tunataka kusema hapa juu ya konseri moja isiyokuwa ya namna hiyo. Ilifanyika New York, katika Marekani, tarehe 3 Juni 1989, katika ukumbi unaoitwa Alice Tully Hall. Aliyeheshimiwa ni Charles Mingus, mpiga kontrabasi na mtungaji wa jazi, aliyekuwa amekufa miaka kumi mbele yake. Aliyesimama mbele ya orkestra ni Gunther Schuller. Walichopiga ni kazi moja tu, lakini kazi ya saa mbili na zaidi, jina lake «Epitaph». Neno hilo latoka kwa Wayunani, na maana yake ni maandiko yanayochorwa juu ya kaburi. Diski za konseri ile zilitolewa mwaka wa 1990, na kwa njia ya diski hizo hata sisi tuliokaa mbali tunaweza kuisikia na kuipima.

Hukumu yetu tunaitoa mara moja, ili msomaji ajue tunakokwenda: konseri ile ilimheshimu Mingus kwa sababu ilikubali kumwonyesha mzima, pamoja na nguvu zake na makosa yake. Haikumsifu. Ilifanya kazi aliyoiacha. Tutaeleza kwa nini tunaona hivi, na pia tutasema ni wapi kazi yenyewe, na namna ilivyopigwa, havikututosha.

I. Neno «jazi»

Kwanza tuondoe neno moja linaloweza kuleta fujo. Wasomaji wetu wanajua neno hili toka zamani. Mwaka wa 1953 Joseph Kabasele alianzisha orkestra African Jazz kule Léopoldville, na mwaka wa 1956 ikazaliwa OK Jazz. Orkestra hizo zilichukua jina, lakini musiki yao ilikuwa rumba, musiki ya gitari na ya kucheza. Jazi yenyewe ya Marekani ni kitu kingine. Ilizaliwa kati ya watu weusi, sana sana katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria yake kubwa ni hii: wapigaji wanashika wimbo mmoja, kisha kila mmoja kwa zamu yake anatunga papo hapo juu ya wimbo ule, pasipo karatasi, huku wengine wakimtegemeza.

Msomaji aone shida inayotungojea. Musiki inayotungwa papo hapo yakaa mikononi na kinywani mwa mtu. Mtu akifa, nayo inakufa. Basi mtungaji wa jazi anaweza kuacha nini nyuma yake? Mingus alijibu kwa karatasi: aliandika vipimo zaidi ya 4,000, kwa orkestra ya watu wapatao 30, wakati orkestra kubwa ya jazi kwa kawaida ina watu 15 ao 17. Tena alizipa karatasi hizo jina la maandiko ya kaburi, naye angali hai.

II. Mtu mwenyewe

Charles Mingus alizaliwa tarehe 22 Aprili 1922 katika Nogales, mji wa jimbo la Arizona, karibu na mpaka wa Mexico. Alikulia Watts, katika Los Angeles. Mama yake alikufa angali mtoto mchanga. Mama wa kambo alimpeleka katika kanisa la Waprotestanti wa namna ya Holiness, pahali ambapo mhubiri anaita na watu wanaitika, wanapiga makofi, wanalia na kuimba pamoja. Sauti zile hazikumtoka tena. Wimbo wake «Better Git It in Your Soul», alioutia katika diski «Mingus Ah Um» ya mwaka wa 1959, ni kanisa lile lililogeuka orkestra. Wimbo huohuo unarudi ndani ya «Epitaph».

Kijana Mingus alijifunza violonselo na kupenda musiki ya Ulaya. Lakini wakati ule kijana mweusi hakuwa na tumaini la kukaa katika orkestra kubwa za musiki hiyo. Rafiki akamshauri ashike kontrabasi, chombo ambacho mweusi aliweza kukipatia kazi. Akakishika, akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa kontrabasi wa karne yake. Lakini hamu ya kwanza haikufa. Maisha yake yote alitaka kuandika musiki kubwa kama ile aliyofungiwa mlango, na kuiandika kwa lugha ya watu wake.

Tena alikuwa mtu wa kuheshimu wakubwa. Lester Young, mpiga saksofoni, alipokufa mwaka wa 1959, Mingus alimtungia wimbo wa maombolezo unaopigwa hata leo. Duke Ellington alikuwa kama baba kwake katika musiki, ingawa alipoingia katika orkestra ya Ellington mwaka wa 1953 hakukaa muda mrefu: aligombana na mwenzake, akaondolewa.

Na hapa tuseme upande wa pili. Mingus alikuwa mtu wa hasira. Katika konseri zake aliweza kusimamisha musiki mbele ya watu, akawagombeza wapigaji ao wasikilizaji wenye kuzungumza. Hatusemi hayo kwa kumchongea maiti. Tunasema kwa sababu hasira ile iliingia katika habari ya «Epitaph» yenyewe, na pasipo habari hiyo konseri ya 1989 haieleweki.

III. Usiku wa 1962

Mara ya kwanza Mingus alijaribu kusikilizisha sehemu za kazi hii katika Town Hall, kule New York, tarehe 12 Oktoba 1962. Tarehe ya kwanza iliyopatanwa ilikuwa ya mbele zaidi, lakini kampuni ya diski iliivuta nyuma kwa majuma matano. Mingus akabaki na kazi kubwa na siku chache. Akaendelea kutunga na kuandika mpaka saa za mwisho. Wenye kunakili noti hawakumaliza: watu walipokuwa wamekwisha kuketi, wanakili walikuwa jukwaani, wangali wanaandika karatasi za wapigaji.

Katika siku zile za mbio, Mingus aligombana na Jimmy Knepper, mpiga tromboni, aliyekuwa akimsaidia katika kazi ya noti. Akampiga ngumi kinywani, akamvunja jino. Kwa mpiga tromboni kinywa ndicho chombo cha kazi. Jambo likafika mahakamani. Mingus akahukumiwa, lakini hakufungwa.

Usiku wenyewe ukawa fujo. Watu walidhani wamekuja konserini, kumbe wameingia katika mazoezi yanayotiwa katika diski. Mingus mwenyewe aliwaambia wadai feza zao. Mwisho wafanyakazi wa ukumbi walianza kufunga pazia, na wapigaji, Clark Terry akiwaanzishia, wakaangukia wimbo wa Ellington waliojua wote. Diski iliyotolewa kisha ilikuwa vipande vipande. Mingus akaweka karatasi zake. Aliishi miaka 16 tena, na hakuzipigisha nzima hata mara moja.

Wengine wameandika ya kuwa usiku ule ulionyesha kazi isiyowezekana. Sisi tunaona kinyume. Usiku ule ulionyesha neno moja tu: hakuna kazi kubwa inayofanyika pasipo wakati wa kuitayarisha. Wapigaji wa 1962 walikuwa kati ya hodari wa mji mzima. Hawakukosa ujuzi. Walikosa siku, na walikosa karatasi zilizoandikwa vizuri. Kila kiongozi wa kwaya anayegawa wimbo mpya jumamosi jioni ili uimbwe jumapili asubui angefaa kuujua usiku wa Town Hall.

IV. Sanduku la karatasi

Mwaka wa 1977 waganga walimkuta Mingus na ugonjwa unaolegeza viungo kidogo kidogo, mpaka mikono na miguu isiweze kitu. Juni 1978 alipelekwa kwa kiti cha magurudumu katika nyumba ya prezidenti wa Marekani, Jimmy Carter, pahali walipokusanyika wapigaji wengi wa jazi. Watu wote walisimama kumpigia makofi, na prezidenti akamkumbatia; Mingus akalia machozi. Akafa Cuernavaca, katika Mexico, tarehe 5 Januari 1979, akiwa na miaka 56. Mjane wake, Sue Mingus, alichukua majivu yake mpaka India, akayatia katika mto Ganges. Hivyo mtu aliyeandika maandiko ya kaburi hana kaburi.

Miaka michache kisha hayo, Andrew Homzy, mwalimu wa musiki toka Montréal katika Kanada, alikuwa akipanga karatasi alizoziacha marehemu. Akakuta mafungu makubwa ya noti zilizoandikwa kwa orkestra isiyo ya kawaida. Alipozitazama vema aliona ya kuwa vipimo vilihesabiwa kwa namba zinazofuatana, toka fungu moja mpaka jingine. Nyimbo zilizodhaniwa kuwa mbalimbali zilikuwa viungo vya mwili mmoja.

Ikabaki kazi ya kuzisoma. Wino ulikuwa umefifia, pengine kipande kilikosekana, pengine mwandiko wenyewe ulikuwa na mashaka. Sue Mingus akamwita Gunther Schuller. Hakukosea kuchagua. Schuller, aliyezaliwa 1925 na kufa 2015, alijua nyumba zote mbili. Angali kijana sana alipiga pembe katika orkestra ya Cincinnati, kisha miaka mingi katika orkestra ya Metropolitan Opera. Na alipiga vilevile pamoja na Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Aliandika vitabu vikubwa juu ya historia ya jazi. Tena hakuwa mgeni kwa Mingus: mwaka wa 1957 aliongoza kazi yake «Revelations», aliyoombwa kuiandika kwa ajili ya sikukuu ya musiki katika chuo kikuu cha Brandeis. Aliyemfahamu mtu angali hai anasoma mwandiko wake kwa namna nyingine.

V. Yaliyofanywa vema

Sasa tupime konseri yenyewe. Tunaona mambo matatu ya kusifu.

La kwanza ni utii. Schuller angaliweza kukata. Kazi ni ndefu, ina pahali pagumu, na watu wamelipa kiti. Kiongozi mwingine angalichagua saa moja ya nyimbo tamu, akaipa jina «Heshima kwa Mingus», na hakuna mtu angalimlaumu. Schuller alipiga yote iliyopatikana. Sehemu karibu 20 zinafuatana: polepole na mbio, za kucheka na za kutisha. Kuna «The Chill of Death», juu ya baridi ya mauti, aliyoitunga mwaka wa 1939 akiwa kijana wa miaka 17. Kuna «Wolverine Blues», wimbo wa Jelly Roll Morton, mmoja wa mababu wa jazi. Kuna «The Children's Hour of Dream», ambayo karibu yote imeandikwa, pasipo nafasi ya kutunga papo hapo. Mwenye kumjua Mingus kwa nyimbo zake za furaha peke yake angeuliza: Je, huyu ni nani? Ndilo swali ambalo konseri ya heshima ingepaswa kuliamsha.

La pili ni watu waliochaguliwa. Katika orkestra ya 1989 walikaa wazee waliokuwako katika fujo ya 1962: Snooky Young na tarumbeta yake, Britt Woodman na Eddie Bert katika tromboni, Don Butterfield katika tuba. Woodman alimjua Mingus toka utoto wao wa Watts. Karibu nao walikaa waliopiga katika vikundi vya Mingus miaka iliyofuata, kama John Handy, George Adams na Jack Walrath. Na kati yao kijana Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa miaka 27, ambaye hakupata kupiga katika kikundi cha marehemu. Huo si urembo wa programu. Kwa wazee, kazi iliyokatwa mwaka wa 1962 ilikuwa deni. Kwa vijana, ilikuwa urithi. Wazee walijua sauti ambayo haikuandikwa. Vijana walikuwa na macho mepesi ya kusoma yaliyoandikwa. Kazi ilihitaji pande zote mbili.

La tatu ni adabu ya kiongozi. Schuller mwenyewe alikuwa mtungaji mwenye jina. Pahali penye mashaka angaliweza kutia sauti yake. Tumesikiliza diski hizi mara nyingi, na hatusikii mtu anayetaka kujionyesha. Ukali wa sauti zinazogongana haukulainishwa. Pahali ambapo Mingus aliandika sauti nyingi juu ya sauti nyingi, mpaka sikio linachoka, zimeachwa jinsi zilivyo. Wala hakuna mtu aliyejaribu kumwiga marehemu, kupiga kelele zake ao kugombeza watu kama yeye ili kuwachekesha wasikilizaji. Kumwiga marehemu ni rahisi, na watu wanapenda. Kumtii ni kazi kubwa zaidi.

VI. Yasiyotutosha

Lakini tungevunja sheria tuliyoiweka sisi wenyewe kama tungesifu tu.

Kosa la kwanza ni la kazi yenyewe. Namba za vipimo zinafuatana, ni kweli. Lakini namba haziwezi peke yake kufanya mwili mmoja. Nyimbo zimetungwa kati ya 1939 na 1962, na nyingine zilikuwa zimekwisha kupigwa mbalimbali mbele ya kuingizwa humo. Katika nusu ya kwanza tunasikia mjenzi: mambo yaliyosemwa mwanzoni yanarudi, yanageuka, yanajibiana. Mbele zaidi tunasikia pengine mtu anayefungua sanduku na kutoa nguo moja moja. Kila nguo ni nzuri. Lakini kwa nini hii ifuate ile? Wanaosema ya kuwa «Epitaph» ni jengo kamili kama simfoni kubwa za Ulaya wanamfanyia Mingus ubaya, maana wanaiweka kazi yake mbele ya kipimo ambacho itakipungukia. Sisi tunaiita kwa jina lake: ni wosia. Wosia hautafuti uzuri wa mpango. Unataka lisisahauliwe neno hata moja. Ndani yake mtu anataja mababu zake, anataja watoto wake, anakumbuka kanisa la mama yake wa kambo, anahesabu madeni.

Kosa la pili ni la namna ya kupiga. Pahali pagumu zaidi tunasikia watu wanaohesabu. Noti ni sahihi, lakini mwili haujazikubali bado. Mingus alikuwa na desturi ya kuwafundisha wapigaji wake kwa masikio: aliwaimbia wimbo, ao aliwapigia kwa piano, mpaka wakaushika moyoni, karatasi hakupenda kuwapa. Alitaka musiki itoke ndani ya mtu, isitoke machoni. Na hii kazi yake kubwa kuliko zote inawalazimisha watu 30 kukaza macho juu ya karatasi. Hapo marehemu anabishana na marehemu: Mingus mwandishi na Mingus mwalimu hawapatani. Schuller hakuweza kuwapatanisha, wala hatumlaumu. Lakini tofauti inasikika. Wimbo wa watu wote, kama «Better Git It in Your Soul», unapoanza, wapigaji wanainua vichwa, na mara hewa inaingia ndani ya chumba. Tungependa hewa ile ingeingia mara nyingi zaidi.

Kosa la tatu si kosa la mtu. Kontrabasi za «Epitaph» ni mbili, na waliozipiga walikuwa mafundi. Hata hivyo nafasi moja katikati ilikuwa wazi. Musiki ya Mingus ilijengwa juu ya vidole vyake na sauti yake ya kuwasukuma wenzake. Konseri ilifanya vema kuacha nafasi ile wazi pasipo kuijaza na kitu cha bandia. Lakini tusijidanganye: utii wote wa dunia hauwezi kumrudisha aliyekwenda. Mwenye kusikiliza anasikia kazi, na anasikia pia kwamba mtu hayuko.

VII. Karatasi na kinywa

Mwaka wa 2007 Schuller aliongoza «Epitaph» tena, pamoja na sehemu iliyopatikana kisha konseri ya kwanza. Maana yake wosia haujafungwa. Karatasi zinaruhusu jambo hilo: mtu mwingine, siku nyingine, anaweza kusoma vema zaidi kuliko aliyetangulia. Diski inashika usiku mmoja na kuugandisha. Karatasi inangojea.

Hapa Kongo twajua mfano wa namna nyingine. Misa Luba iliimbwa kule Kamina, katika Katanga, mwaka wa 1958, na kwaya ya Padri Guido Haazen. Waimbaji walishika nyimbo za kwao, na sauti nyingi za kuitikiana walizikuta wao wenyewe katika kuimba. Diski ikaeneza Misa ile duniani, na karatasi zikafuata. Kwa hiyo kwaya ya leo inayotaka kuiimba inakuta shida iliyo kinyume cha shida ya Schuller. Schuller alikuwa na karatasi pasipo usiku uliofaulu. Kwaya ina usiku mmoja uliofaulu kupita kiasi, nayo inashawishwa kuuiga sauti kwa sauti, kana kwamba watu wale wa Kamina hawakuwa wakitunga. Kumtii marehemu aliyeandika ni kusoma vema alichokiandika. Kuwatii marehemu waliotunga kwa kinywa ni kufanya kazi waliyoifanya, si kurudilia tu matokeo yake. Mwenye kuongoza kwaya aulize kwanza: Je, huyu ninayemheshimu aliacha karatasi, ao aliacha njia? Majibu yake yatageuza mazoezi yote.

Kuzika wafu tunakuhesabu katika matendo ya huruma. Lakini twajua vema ya kuwa pale kaburini kuna kazi za namna mbili. Kuna wenye kusema, na kuna wenye kushika jembe. Wenye kusema wanasikiwa zaidi. Tarehe 3 Juni 1989 watu 30 na kiongozi wao walishika jembe. Walimfanyia Mingus jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa haraka ya wengine na kwa hasira yake, hakuweza kulimaliza mwaka wa 1962. Walilifanya na makosa, nasi tumeyataja. Lakini kisha usiku ule tunaweza kubishana juu ya kazi yake kama tunavyobishana juu ya kazi ya mtu aliye hai: hapa ni nzuri, hapa ni dhaifu, hapa hatujaelewa bado. Marehemu anayesifiwa tu hapati tena mabishano ya namna hiyo, na baada ya miaka michache hakuna anayemsikiliza.

Kwa mwenye kutaka kusikiliza, tunampa shauri moja. Asianze na saa mbili kwa mara moja. Asikilize kwanza «Better Git It in Your Soul» katika diski ya 1959, pahali ambapo Mingus mwenyewe anapiga na kuita. Kisha ausikilize wimbo uleule ndani ya «Epitaph» ya 1989, pamoja na orkestra kubwa na pasipo Mingus. Kati ya hizo mbili atapima mwenyewe kilichopotea na kilichookoka. Akiisha kufanya hivyo, saa mbili hazitamwonekea ndefu.